Maji ya Moto Milimani Mbooni: Namna ya Kuchagua Hita Isiyo na Tangi



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, katika barua tulizoletewa kipupwe hiki imo moja iliyotoka kwa familia ya hapa Pwani ambayo binti yao ameolewa Mbooni, Kaunti ya Makueni. Binti huyo amejifungua, yumo katika arubaini yake, na anaishi nyumba moja na mavyaa wake aliyekwisha kula umri. Ndugu zake wamechanga fedha wamnunulie hita ya umeme ya kuogea, ile ndogo isiyo na tangi ambayo mafundi huiita instanti. Wanatuuliza mambo mawili: je, ni israfu? Na ikiwa si israfu, wanunue ipi?

Tumeona tuwajibu hapa jaridani badala ya kuwajibu faraghani, kwa sababu jambo hili si la familia moja. Watu wa Pwani na Wakamba wamejuana tangu zama za misafara ya pembe za ndovu katika karne ya 19, na leo tumechanganyika kwa ndoa, kwa biashara na kwa kazi. Mtu wa Pwani anapokwenda kuwatazama jamaa zake wa bara hafungi safari mikono mitupu, na siku hizi hita ya maji nayo imeingia katika zawadi. Ni zawadi njema. Lakini ni zawadi yenye umeme ndani yake, na hukaa mahali ambapo mtu huwa ameroa, miguu mitupu, na mlango ameutia komeo. Kwa hiyo yataka kuchaguliwa kwa elimu, si kwa uzuri wa boksi lake.

Je, maji ya moto ni anasa?

Mbooni ni nchi ya milima. Wazee wa Kikamba husimulia kwamba ndiko walikokusanyika mababu zao kabla ya kutawanyika kwenda Kitui na kwingineko. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hutanda asubuhi juu ya mashamba ya matuta, na maji yaliyolala usiku kucha katika tangi la nje huwa baridi ya kuuma mifupa. Sisi ambao kipupwe chetu ni pepo za kusi tu hatuijui baridi hiyo, na ni wepesi wa kumwambia aliye huko kwamba anadeka.

Dini yetu haikumtaka Muislamu ajidhuru kwa josho. Amepokea Abu Daud kisa cha sahaba Amru bin Aas katika safari ya Dhatus-Salasil: alipatwa na janaba katika usiku wa baridi kali, akaogopa kuangamia akioga, akatayamamu na akawasalisha wenzake. Habari zilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsikiliza hoja yake, akacheka, wala hakumkemea. Hata hivyo wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wameeleza kwamba ruhusa hiyo ni kwa asiyepata njia ya kuyapasha maji moto. Mwenye kuni, jiko au umeme wa kupashia hana udhuru wa kuliacha josho. Wamesema pia kwamba maji yaliyopashwa moto hayana ubaya kwa udhu wala kwa josho. Kilichochukiwa ni yale yaliyopindukia mpaka kwa joto au kwa baridi, kwa kuwa humzuia mtu asiyaeneze mwilini ipasavyo.

Na liko jambo ambalo akina mama wengi hawakuambiwa. Mafakihi wa Shafi, walipozungumzia haki za mke katika nafaka, waliandika kwamba gharama ya maji ya josho litokanalo na tendo la ndoa, na josho la nifasi, ni juu ya mume. Katika josho la hedhi wamekhitilafiana. Waliyaandika hayo katika zama za ndoo na hamamu, lakini hukumu yake haikuzeeka: maji ya kumtoharisha mke ni sehemu ya matunzo yake, si hisani.

Kwa hiyo maji ya moto kwa mzazi na kwa mtu mzima, mlimani, katika msimu wa baridi, si israfu. Israfu yaweza kuingia katika namna ya kuyatumia, nayo tutaifikia.

Chombo hiki hufanya nini

Hita yenye tangi huyapasha maji polepole na kuyaweka. Hita isiyo na tangi haiweki kitu. Maji baridi huingia upande mmoja, hupita juu ya elementi iliyo moto, yakatoka upande wa pili yana joto. Bomba likifungwa, umeme hujikata wenyewe. Uzuri wake ni kwamba bei yake huwa nafuu, haichukui nafasi, na hakuna umeme unaopotea kuyalinda maji yasipoe usiku kucha. Udhia wake ni kwamba kazi ambayo tangi huifanya kwa saa nzima, yenyewe yatakiwa kuifanya kwa sekunde chache. Kwa hiyo huvuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja.

Madukani zipo za namna tatu. Ya kwanza ni shawa yenyewe, ambayo elementi imo ndani ya kichwa chake. Nyingi za aina hii zilizoenea Kenya asili yake ni Brazil, kama zile za Lorenzetti. Ya pili ni kisanduku cha ukutani chenye mpira na shawa ya mkono. Ya tatu ni bomba dogo la sinki, lifaalo kwa udhu na kuoshea vyombo, ambalo nguvu yake ni kilowati 3 hivi. Ziko pia zile kubwa za nyumba nzima, ambazo jamaa zetu walioko Marekani huzisifu. Hizo zaweza kufika kilowati 18 na zaidi, na kilowati 18 kwa umeme wetu wa volti 240 ni ampea 75. Mzigo huo haubebwi na njia ya kawaida ya nyumba ya kijijini, basi tusipoteze muda nazo.

Hesabu ya kilowati na lita

Kila hita imeandikwa nguvu yake kwa kilowati. Muuzaji atasema kubwa ni nzuri, na jirani atasema yake ni ndogo na yamtosha. Wote wawili wasikilizwe, kisha hesabu ifanywe. Chukueni kilowati za hita, zidisheni kwa 14.3, kisha gawanyeni kwa idadi ya lita zinazotoka kwa dakika moja. Jibu ni idadi ya nyuzi za joto ambazo maji yatapanda. Kanuni hii ni moja kwa kila hita, ya bei ghali na ya bei nafuu.

Tuchukue mfano. Mtu huona raha kuoga kwa maji ya nyuzi 38 hadi 40. Tuseme maji ya tangi la Mombasa yana nyuzi 28. Yahitaji kupanda nyuzi 11 tu. Hita ya kilowati 3.5 itampa mwenyewe lita 4.5 kwa dakika, naye ataisifia kwa kila mtu. Sasa aichukue hita hiyo hiyo ampelekee dada yake Mbooni, ambako tuseme maji ya alfajiri yana nyuzi 14 na yahitaji kupanda nyuzi 25. Itatoa lita 2 tu kwa dakika. Akifungua bomba yapate kutoka mengi, yatatoka vuguvugu lisilomfaa mzazi wala mzee. Hapo wataambiwa kuwa hita ni mbovu, na ilhali si mbovu. Ilinunuliwa kwa ajili ya maji ya mji mwingine.

Kwa nyuzi hizo hizo 25, hita ya kilowati 5.5 hutoa lita 3 na kidogo kwa dakika, na ya kilowati 7.5 hutoa lita 4 na kidogo. Lita 3 kwa dakika si mvua ya hoteli, lakini ni maji ya kutosha kuoga na kusuuza nywele kwa utulivu.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba umeme wa vijijini, hasa mwishoni mwa laini na wakati wa magharibi ambapo kila nyumba imewasha, huweza kushuka. Volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya hita haipungui kidogo. Hupungua kwa karibu thuluthi moja. Ya kilowati 5.5 hubaki na 3.8 hivi. Kama taa za nyumba hufifia jioni, hiyo ni dalili, na josho lipangwe wakati ambapo umeme una nguvu.

Kwanza yajueni maji

Swali la kwanza kwa binti yetu si ana bafu la namna gani, bali maji yake yatoka wapi. Makueni na Kitui zina maji ya namna nyingi. Milimani kuna chemchemi na maji ya paa la mvua, ambayo ni matamu. Kwenye mito ya msimu watu wamejenga mabwawa ya mchanga, ambapo maji huhifadhiwa ndani ya mchanga wenyewe. Na katika nchi za chini, visima virefu vingi hutoa maji ya chumvi. Nyumba moja yaweza kutumia maji ya mvua mwezi wa Desemba na ya kisima, yaliyoletwa kwa punda au kwa lori, mwezi wa Agosti.

Kwa nini jambo hili ni zito? Katika hita nyingi za bei ya chini, elementi ni waya ulio wazi na maji huugusa moja kwa moja. Maji matamu hupitisha umeme kidogo. Maji ya chumvi hupitisha mwingi zaidi, na kinga iliyomo ndani ya chombo huzidiwa. Tena chumvi huula waya ukakatika kabla ya wakati wake. Ndiyo maana watengenezaji hutoa aina mbili: ya maji ya kawaida, na ya maji ya chumvi ambayo elementi yake imefunikwa kwa gamba la kinga. Ya pili huwa na bei zaidi. Kama kuna siku hata moja katika mwaka ambapo maji ya kisima cha chumvi yatatiwa katika tangi hilo, basi ya pili ndiyo ya kununua. Na hili, ndugu zetu wa Pwani, latuhusu sisi pia tunaotumia maji ya visima vyetu vya chumvi hapa nyumbani.

Maji hujulikana kwa kuonja na kwa sabuni. Yakiwa na ladha ya chumvi, jibu limepatikana. Yakikataa kutoa povu, au birika likifanya utando mweupe ndani, ni maji magumu. Elementi itaota utando huo huo, na fundi atahitaji kuisafisha mara kwa mara. Maji ya paa na ya mto yachujwe kabla ya kuingia tangini, maana mchanga huziba matundu.

La pili katika maji ni msukumo. Hita hizi hujiwasha maji yanapoisukuma swichi yake ya ndani. Yakija kwa unyonge, haiwaki. Msukumo wa tangi hutokana na kimo chake. Pimeni kutoka sakafu ya tangi hadi kichwa cha shawa, si hadi ardhini: tangi lililo juu ya jukwaa la mita 2, na shawa iliyofungwa mita 2 ukutani, havina tofauti ya kimo hata kidogo, na msukumo ni ule wa maji yaliyomo tu. Karatasi ya hita huandika kiasi cha chini kinachohitajika; isomwe kabla ya kulipa. Kisha chukueni ndoo ya lita 10, fungueni bomba la bafuni, mtazame saa. Ikijaa kwa dakika 2, mna lita 5 kwa dakika, nayo yatosha. Ikichukua dakika 5, mnazo lita 2, na tangi halina budi kuinuliwa kwanza.

Kisha uangalieni umeme

Hapa ndipo penye roho za watu, na hapa hatutaficha neno.

Hita ya kilowati 5.5 huvuta ampea 23. Ya kilowati 7.5 huvuta ampea 31. Soketi ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa hiyo hita ya kuogea haichomekwi kwenye soketi, wala haiungwi kwenye waya wa taa, wala haipitishwi kwenye ekstensheni. Yahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme hadi bafuni. Waya wa milimita za mraba 2.5, ambao ndio wa soketi, haufai. Wa 6 ndio wa kutulia nao, na masafa yakiwa marefu fundi apige hesabu upya. Iwe na sakitibreka yake, na swichi inayokata nyaya zote mbili, iliyofungwa nje ya bafu ili mkono uliolowa usiifikie.

Tangu mwaka 2015 mpango wa Last Mile umeziunganisha nyumba nyingi za vijijini na umeme, na baadhi ya nyumba ndogo zilipewa redibodi, yaani ubao mmoja wenye taa na soketi chache, pasi na nyaya ukutani. Redibodi ni neema kwa taa, kwa simu na kwa redio. Haiwezi kubeba hita ya kuogea. Vivyo hivyo vibamba vya jua vya taa na televisheni haviwezi, wala jenereta ndogo. Mwenye kuahidiwa kwamba itawezekana amedanganywa.

Kisha kuna waya wa arthi, ule wa kijani na njano. Umeme ukivuja ndani ya hita, utatafuta njia ya kwenda ardhini. Ikiwa arthi imeungwa vizuri na fimbo yake imezikwa ardhini sawasawa, umeme utapita hapo, na sakitibreka yaweza kukata. Ikiwa haimo, njia itakayobaki ni mwili wa aliye chini ya shawa. Baadhi ya mafundi huukata waya huo kwa kuwa hita huwaka bila ya wao kuuunga. Ni kweli huwaka; lakini kuwaka si salama. Zaidi ya arthi, ongezeni swichi ya usalama iliyoandikwa RCD, ya miliampea 30, ambayo huona umeme unavuja na kuukata kwa kufumba na kufumbua. Fedha zikiwa chache, punguzeni katika hita, msipunguze katika RCD.

Na yeyote atakayehisi mchonyoto mdogo akigusa bomba au akiingiza mkono kwenye maji, asiseme ni kawaida ya instanti. Atoke, azime swichi ya nje, na isiwashwe mpaka fundi aikague.

Fundi awe na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, na kuiomba kuiona si utovu wa adabu. Chombo kiwe na alama ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Siku ya kazi mume au mahramu awepo nyumbani, kwa sababu ya stara na kwa sababu ya ushahidi: fundi aonyeshe arthi imefungwa wapi, na abonyeze kitufe cha kujaribia RCD wote wakitazama. Ikiwa nyumba ni ya kupanga, mwenye nyumba aulizwe kwanza na makubaliano yaandikwe, ili isije ikawa ugomvi siku ya kuhama juu ya nani mwenye waya na nani mwenye hita.

Bili na israfu

Tuliahidi kurudi kwenye israfu. Hita ya kilowati 5.5 ikiwaka dakika 10, hula karibu yuniti 0.9. Nyumba ya watu watano, kila mmoja akioga dakika 10 kila siku, itatumia yuniti 137 hivi kwa mwezi kwa kuoga peke yake. Wakioga dakika 5, zitakuwa 69. Katika utaratibu wa bei uliotangazwa mwaka 2023, mteja wa nyumbani wa Kenya Power huwekwa katika madaraja: asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi, aliye kati ya 30 na 100, na anayezidi 100, na kila daraja lina bei ya juu kuliko la chini yake. Nyumba iliyokuwa ikinunua tokeni chache kwa taa na redio itajikuta imehamishwa daraja na shawa.

Watu huuliza: je, ndoo si rahisi zaidi? Ukweli ni kwamba kuyapandisha maji lita 10 kwa nyuzi 25 huhitaji yuniti 0.3 hivi, yawe yamepashwa na birika la umeme au na instanti. Hita haili zaidi ya birika. Ila ndoo ina mwisho, na shawa haina. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akitawadha kwa mudi moja na akioga kwa pishi, yaani saa, hadi mudi tano. Hiyo ni kama lita 3 hivi. Instanti ya kilowati 5.5 mlimani Mbooni hutoa kiasi hicho kwa dakika moja! Hatusemi kila mtu aoge dakika moja. Tunasema anayetaka kujua mpaka uko wapi amekwisha onyeshwa njia: alowe, afunge bomba, ajipake sabuni, afungue ajisuuze. Katika nchi ambayo maji yenyewe huja kwa punda, kufunga bomba ni ibada.

Mzazi, mzee na mtoto

Hita ikishafungwa, iko adabu ya kuitumia. Mara ya kwanza, na kila baada ya maji kukatika, fungueni maji yapite huku swichi imezimwa, mpaka yatoke sawasawa, ndipo muwashe. Elementi ikiwaka bila maji huungua papo hapo. Kitufe cha baridi, vuguvugu na moto kisigeuzwe maji yakiwa yanapita, wala kwa mkono uliolowa. Maji ya kwanza yapimwe kwa kiwiko kabla ya mtoto au mzee kuingia, maana ngozi zao huungua upesi.

Mzazi aliye katika arubaini ana haja mbili zilizo tofauti. Kuoga, hita itamtosheleza. Lakini kukandwa, kama wakunga na mama zetu wafanyavyo, kwataka maji ya moto zaidi na kitambaa, na hilo ni kazi ya birika na beseni mikononi mwa mtu mzima anayejua kiasi. Asisimamishwe mzazi chini ya shawa iliyofunguliwa kwa ukomo wa joto kwa kudhani kuwa ndiko kukandwa.

Na birika au jiko lisitupwe. Umeme wa milimani hukatika, na hukatika zaidi siku za mvua. Ila jiko la makaa lisiingizwe bafuni wala chumbani mwa mzazi ati kupasha hewa: moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Hita ya gesi nayo hufungwa nje, penye hewa. Na ile koili ya kutumbukiza ndooni, ambayo bei yake ni ndogo na imezagaa kila soko, tunawanasihi iondoke katika nyumba zenye watoto. Mkono mmoja tu ukitiwa ndani ya ndoo kabla ya kuchomoa, msiba umeingia.

Jawabu letu

Basi kwa ndugu walioandika, jawabu ni hili. Si israfu, ni kuunga udugu, na malipo yake yako kwa Mwenyezi Mungu. Lakini msinunue bado. Mpigieni shemeji yenu simu awajibu maswali matano: maji ya tangi yatoka wapi mwaka mzima, ndoo ya lita 10 hujaa kwa dakika ngapi, kimo cha tangi juu ya shawa ni mita ngapi, nyumba ina nyaya kamili au redibodi, na arthi ipo, imepimwa na nani?

Majibu yakiwa mema, nunueni ya kilowati 5.5, ya maji ya chumvi, na fedha iliyobaki igawanywe kwa waya wa milimita za mraba 6, swichi, RCD na ujira wa fundi mwenye leseni. Ikiwa changizo halitoshi kwa yote hayo, anzeni na waya na arthi mwaka huu, hita ije mwakani. Na kwa sasa mpelekeeni mzazi birika kubwa zuri la umeme na beseni. Ikiwa nyumba ni ya redibodi, fikirieni hita ya jua ya juu ya paa, ingawa katika siku za ukungu itahitaji kusaidiwa na jiko. Wala msimfiche binti yenu wala mavyaa wake hesabu hii. Wao ndio watakaooga. Na mashauriano ya watu wa nyumba moja huleta baraka.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amkamilishie mzazi arubaini yake kwa afya, amkuze mtoto katika twaa, ampe mavyaa umri wenye kheri, na azilinde nyumba zetu za Pwani na za bara kwa kila lenye kudhuru. Amin.